Je, wajua kwa nini Ulaya iliamini chai ya kijani na chai nyeusi ni mimea miwili?

Majani ya mchai mmoja yanatosha kutoa chai zote mbili. Yakikaangwa mara tu baada ya kuchumwa, yanabaki ya kijani. Yakinyaushwa, yakasokotwa na kuachwa hewani mpaka yawe kahawia, ndipo hukaushwa na kuwa chai nyeusi. Mfanyakazi wa kiwanda cha chai Kericho au Mufindi hana haja ya kuelezwa hayo. Wataalamu wa mimea wa Ulaya ya karne ya 18, na usomi wao wote, hawakuyajua.

Shida ilianzia kwenye michoro. Mwaka 1667 padri Mjesuiti Athanasius Kircher alichapisha Amsterdam kitabu kikubwa kuhusu China, na ndani yake mna picha ya mmea wa chai. Kircher aliishi Roma na hakuwahi kukanyaga China. Alitegemea taarifa za mapadri wenzake waliokwenda huko, na mchongaji wa picha akamalizia kwa ubunifu wake.

Mchoro wa kuaminika ulitoka kwa Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani wa kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki, katika kitabu chake cha mwaka 1712. Huyu mmea aliuona kwa macho yake: tawi, ua, tunda, mbegu, vyote alivichora. Ila aliuona Japani, alikokaa kati ya 1690 na 1692. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoupa mmea huo jina la kisayansi Thea sinensis, yaani chai ya China, aliutaja mchoro huohuo wa Kaempfer. Chai ya China ikatambulishwa kwa picha iliyochorwa Japani!

Kwa nini hawakwenda kuangalia shambani? Hawakuruhusiwa. Kuanzia 1757 biashara ya Wazungu na China ilibanwa katika bandari moja, Guangzhou, na mashamba yalikuwa mbali sana. Chai nyeusi maarufu ilitoka milima ya Wuyi, Fujian; ya kijani ilitoka mikoa kama Anhui na Zhejiang. Mfanyabiashara aliona masanduku tu. Wachoraji wa Guangzhou walimuuzia pia seti za picha za kuvutia: kupanda, kuchuma, kukaanga, kufungasha. Binafsi nazipenda picha hizo, lakini zilichorwa kwa ajili ya mnunuzi, si kwa ajili ya mtu wa sayansi.

Basi mwaka 1759 Mwingereza John Hill, mwandishi wa vitabu vya mimea, akaigawa chai katika spishi mbili, yaani aina mbili tofauti za mmea, na 1762 Linnaeus akafuata: chai nyeusi eti ua lake lina petali sita, ya kijani tisa. Idadi ya petali za mchai hubadilika hata kati ya ua na ua, kwa hiyo kipimo hicho hakikuwa na msingi.

Linnaeus mwenyewe alihangaika kuupata mmea ulio hai. Mbegu za chai huharibika upesi safarini, na miche nayo ilikufa njiani. Miche miwili aliyoletewa na Magnus Lagerström, mkurugenzi wa kampuni ya Sweden ya biashara ya Mashariki, ilistawi Uppsala, mji wake Linnaeus, ikachanua, kumbe ni kamelia, kichaka cha maua ya mapambo. Mwaka 1763 nahodha Carl Gustaf Ekeberg alifanikiwa, kwa sababu mbegu alizipanda kwenye chungu melini.

Kosa la spishi mbili lilidumu hadi miaka ya 1840. Baada ya Vita vya kwanza vya Kasumba, kati ya Uingereza na China, kufungua bandari zaidi, Mskoti Robert Fortune, mkusanyaji wa mimea, alipenya mpaka mashambani, akiwa amenyoa nywele na kuvaa Kichina. Huko Fujian akakuta chai nyeusi ikitengenezwa kwa mmea uleule ambao Zhejiang ulitoa chai ya kijani.

Mwaka 1887 Mjerumani Otto Kuntze, mtaalamu wa mimea, aliihamishia chai kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya kamelia, na jina lake likawa Camellia sinensis hadi leo. Ile miche ya Lagerström, kumbe, ilikuwa ya ukoo uleule.