The Black Keys: wawili wa Akron na wanayosingiziwa

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza sauti ya Dan Auerbach, kisha akaambiwa kikundi chake cha muziki wa rock kinaitwa The Black Keys, ni rahisi aamini kwamba hao ni wanamuziki Weusi wa Mississippi, jimbo la Marekani lililo chimbuko la bluzi (blues), muziki wa Wamarekani Weusi. Sivyo. Auerbach, mwimbaji na mpiga gitaa, na Patrick Carney, mpiga dramu, ni Wazungu wa Akron, Ohio, mji wa viwanda vya matairi, na walikua mtaa mmoja. Jina lao nalo halihusu rangi ya ngozi. Walilipata kwa Alfred McMoore, mchoraji wa Akron aliyeishi na skizofrenia na aliyefahamiana na familia zao. Mtu akimuudhi, McMoore alimfananisha na vibonye vyeusi vya piano, yaani black keys.

Si ndugu pia, ingawa albamu yao ya 2010 inaitwa Brothers.

Ila dhana inayoniuma zaidi ni kwamba waliibuka ghafla na hiyo Brothers, iliyowapa tuzo za Grammy mwaka 2011. Ilikuwa albamu yao ya sita! Walianza mwaka 2001, na albamu ya kwanza, The Big Come Up, waliirekodi katika chumba cha chini ya nyumba ya Carney. Ya pili, Thickfreakness ya 2003, waliimaliza humo humo kwa saa 14 hivi. Rubber Factory ya 2004 waliirekodi ndani ya kiwanda cha matairi kilichokuwa kimefungwa. Miaka yote hiyo walizunguka Marekani kwa gari la familia (minivan), wakiendesha wenyewe na kubeba vyombo wenyewe. Ndiyo maana jalada la albamu yao El Camino, ya 2011, halina gari aina ya El Camino ambalo wengi hulitarajia. Lina gari la familia, la aina ile waliyosafiria enzi za dhiki.

Wapo wanaosema waliiga The White Stripes wa Detroit. Kweli hao walitangulia, mwaka 1997, nao walikuwa wawili, gitaa na dramu. Lakini sikiliza mapigo yenyewe: Auerbach alijifunzia kwenye bluzi ya vilima vya kaskazini mwa Mississippi, ambamo gitaa hurudia mdundo mmoja mpaka mwili ukubali. Pia si kweli kwamba hawatumii besi kamwe. Kwenye Brothers imo, na tangu hapo hupanda jukwaani na wanamuziki wengine.

Shutuma iliyobaki ni nzito: kwamba wameichukua bluzi ya watu Weusi bila kuwataja wenye muziki huo. Historia ya uporaji huo ipo, na swali ni la haki. Kwa hawa wawili, hata hivyo, majina ya walimu yapo wazi. Wimbo wa Junior Kimbrough, mwanabluzi Mweusi wa vilima vile vya Mississippi, umo tangu albamu ya kwanza. Mwaka 2021 walitoa Delta Kream, albamu ya nyimbo za vilima hivyo, wakimwalika Kenny Brown, aliyepiga gitaa miaka mingi na R. L. Burnside, mwanabluzi mwingine wa huko. Na mwaka 2006, Kimbrough akiwa ameshafariki tangu 1998, walirekodi Chulahoma, nyimbo zake tupu. Mwishoni mwa rekodi hiyo muziki unakoma, inasikika sauti ya mama mmoja kwenye simu, akiwasifu kwa jinsi walivyozipiga. Ni mjane wa Junior.