Chama cha wakaazi wa mtaa ni nini?

Chama cha wakaazi ni umoja wa watu wa mtaa mmoja, waliokubaliana kusimamia mambo yanayoishinda nyumba moja: taka, mitaro, taa za njiani, maji, usalama. Kina katiba, viongozi wa kuchaguliwa na mchango, aghalabu wa kila mwezi. Si chama cha kuchangiana pesa, ambazo humrudia mwanachama kwa zamu. Si Nyumba Kumi pia, mpango wa usalama ulioletwa na serikali mwaka 2013. Mzee wa mtaa yuko chini ya chifu. Viongozi wa chama wako chini ya wakaazi.

Hapa Mombasa wengi hukijua kwa gari la taka na mlinzi wa usiku. Kazi hizo zina maana, lakini kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni barua. Chukua maji. Mji huu hunywa maji ya mbali, Baricho, Marere na Mzima, na mgao ukikatika watu hurudi kwa wauza mitungi wa mikokoteni. Mtu mmoja akienda kulalamika, huambiwa asubiri. Chama kikiandika ni siku zipi mabomba yalitoa maji na zipi yalikauka, nyumba kwa nyumba, kisha barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ofisi haina pa kujificha.

Sheria nayo inasaidia. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ofisi hupewa siku 21 kujibu ombi. Vilevile, mtu akitaka kuvunja nyumba ya chini ainue ghorofa, jirani anaweza kupinga kwa maandishi. Kule Nyali na Kizingo, ambako ghorofa zinazidi kuota huku mabomba ya majitaka ni yale yale, hilo si jambo dogo.

Usajili hufanywa kwa Msajili wa Vyama, au kama kikundi cha kijamii chini ya sheria ya mwaka 2022. Kwa kuzoa taka tu, kundi la WhatsApp latosha.

Penye utata ni uanachama. Majengo, kwa mfano, kuna wenye nyumba wasio na ardhi: nyumba ni yao, kiwanja ni cha mwingine wanayemlipa kodi. Ndani ya nyumba hiyo hiyo, kila chumba kina mpangaji wake. Katiba ya chama ikimpa kura mwenye nyumba peke yake, wanaobeba mitungi ya maji kila asubuhi hawamo, na mara nyingi ndio wengi. Kabla ya kutoa mchango, basi, uliza mambo mawili: mpangaji anapiga kura? Na daftari la pesa linasomwa mbele ya wanachama lini?