Mafuta ya mwili nayo yana saa yake, na melatonini ndiyo inayoyaambia usiku umeingia

Kila nikisema mafuta ya mwili yana saa watu wanacheka, maana wengi wanayachukulia kama stoo tu, umekula ugali na sato, kinachozidi kinaenda kukaa tumboni basi. Sio hivyo. Seli ya mafuta inabadilika kutwa kucha, kuna masaa inapokea sukari vizuri na kuhifadhi, kuna masaa inaachia mafuta yakatumike wakati umelala hujala kitu, na ndani yake kuna jeni kama BMAL1 na PER zinapokezana kwa mzunguko wa karibu masaa 24. Utaratibu huo, ulioanza kufumbuliwa kwenye nzi wadogo wa matunda, ndio uliowapa wanasayansi Hall, Rosbash na Young Nobeli ya tiba ya 2017.

Sasa saa hiyo inajuaje kumekucha au kumekuchwa wakati imejificha chini ya ngozi? Jicho linapima mwanga, ubongo unapata habari, giza likiingia tezi ndogo ya pineali, iliyo ndani ya ubongo, inamwaga homoni ya melatonini kwenye damu. (Aliyeitenga kutoka kwenye tezi mara ya kwanza, 1958, ni daktari wa ngozi, Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikuwa anahangaika na mambo ya rangi ya ngozi, na tezi zenyewe zilikuwa za ng'ombe.) Seli za mafuta zina vipokezi vya hiyo homoni, yaani sehemu zinazopokea ujumbe wake, vinaitwa MT1 na MT2. Panya wa aina kubwa (rat) wakitolewa tezi ya pineali mafuta yao yanaanza kuwa sugu kwa insulini, yaani hayaitikii vizuri homoni hiyo inayoingiza sukari kwenye seli, wakirudishiwa melatonini hali inakuwa nafuu.

Hapo ndipo watu wanateleza, aisee. Panya anakula usiku! Yeye melatonini ikipanda ndio yupo macho anatafuna, sisi ikipanda tunatakiwa tuwe tumelala na njaa, kwahiyo huwezi kubeba matokeo ya panya ukayabandika kwa binadamu hivi hivi. Na tena aina moja ya panya wadogo (mouse) wanaotumika sana maabara, C57BL/6, karibu hawatengenezi melatonini kabisa.

Kwa binadamu tunajua kiasi. Vipande vya mafuta vilivyotolewa kwa watu waliofanyiwa upasuaji viliitikia insulini zaidi mchana kuliko usiku wa manane, tofauti ni zaidi ya nusu. Kongosho nalo likikutana na melatonini nyingi linapunguza insulini, na huko Hispania watu waliokunywa maji ya glukosi saa moja kabla ya kulala sukari yao ilipanda kuliko walipoyanywa masaa manne kabla, hasa wenye aina fulani ya jeni ya MTNR1B, inayotengeneza kipokezi cha MT2.

Sasa waangalie wavuvi wetu wa dagaa, wa Ziwa Victoria, wanaoshusha mzigo Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi. Siku za giza wanakesha ziwani, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika wanalala usiku kama sisi, yaani kila mwezi saa zao zinavutwa huku na huku. Juu yake kuna taa za kuvutia dagaa, na hizi nyeupe za LED zina buluu nyingi kuliko karabai, na buluu ndiyo inayozima melatonini zaidi. Halafu sufuria la ugali linafunguliwa saa nane usiku, mafuta ya mwili yapo kwenye zamu ya kuachia, wewe unayaletea mzigo wa kupokea.

Mvuvi, mlinzi, nesi wa zamu, wakiniuliza huwa nawaambia mlo mkubwa uliwe kabla jua halijazama, usiku kidogo tu, na asubuhi mkienda kulala chumba kiwe giza kweli. Vidonge vya melatonini vya kukata kitambi mimi siviungi mkono, ushahidi kwa binadamu ni mwembamba mno, na ukimeza karibu na chakula sukari inaweza kupanda. Mwenye kisukari anayechoma insulini asihamishe mlo kwa kusoma hapa, apite kliniki kwanza, maana dozi inabidi ihame pamoja na chakula.