Baridi yabisi ya moto?

Haya jamani, baridi yabisi ni ule ugonjwa wa viungo kuuma na kukaza, kwa mtu ama kwa mnyama, basi, maana ndio hiyo. Linalonikera ni vile hapa Majengo mnyama yeyote akichechemea watu washampa jina, punda baridi yabisi, ng'ombe baridi yabisi, hata kuku aliyepinda miguu ati pia anayo.

Hebu tulitizame neno lenyewe. Yote mawili ni ya Kiarabu, baridi mwalijua, yabisi ni kavu, kitu kilichokauka kikawa kigumu. Na hayakukutana kwa bahati. Matabibu wa Kiarabu wa zamani, elimu wameipokea kwa Wayunani, walisema mwili una maji manne na kila moja na tabia yake: damu ni joto na rutuba (yaani unyevu), belghamu, yaani makohozi, baridi na rutuba, safura, yaani nyongo ya manjano, joto na kavu, halafu nyongo nyeusi ndio baridi na kavu, yaani barid yabis yenyewe. Kwa hivyo hio baridi haikuwa ya mvua wala ya upepo wa kusi, ilikuwa tabia ya mwili. Sisi tukabaki na jina, hesabu tukaisahau (na safura leo ni ugonjwa wa minyoo, lakini hayo tuwache).

Sasa juzi jirani yangu ana kibuzi cha siku kumi hivi, goti la mbele limevimba kama ndimu, yuwalikanda kwa mafuta ya nazi ati kimepigwa na kusi. Nikamwambia bwana, hebu lishike hilo goti kwanza. Moto! Na kitovu bado kibichi, chanuka. Baridi iko wapi hapo, yabisi iko wapi, na ndani mna usaha? Hao ni bakteria, huingilia kitovuni siku za mwanzo kibuzi kikizaliwa mahali pachafu, wakasafiri na damu mpaka wakatua kwenye viungo, na hilo halitaki kukandwa, lataka daktari wa mifugo na antibayotiki mapema kabla kiungo hakijaharibika. Ayodini kitovuni siku ile ile ya kuzaliwa na maziwa ya dang'a, yale ya kwanza ya mama, ya kushiba, pengine tusingefika huko.

Yule kuku naye mara nyingi ni mifupa, si viungo, chakula hakina kalsiamu, fosforasi ama vitamini D ya kutosha, hayo ni matege. Lakini punda mzee aliyevuta mkokoteni miaka na miaka, asubuhi huamka amekaza, akitembea kidogo hulegea, gegedu, ule mfupa laini wa kwenye viungo, limelika, huyo mwite baridi yabisi sitakugombeza.

Hao wengine, kama hamna hakika, semeni tu "amevimba goti" ama "anachechemea", jina daktari atalitia mwenyewe akishamshika.