Filamu na kamera ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una mwanga wa aina mbili. Upande wa kaskazini, ulio mkongwe zaidi, hauna paa, kwa hiyo jua huingia lote. Upande wa kusini, uliopanuliwa karne ya 14, bado una kuba na matao, na mwanga hupenya kwa pembeni tu. Ukitoka juani na kuingia chini ya kuba, mwanga unaweza kupungua kwa stopu 7 au zaidi (kila stopu moja ni mwanga kupungua nusu, au kuongezeka maradufu). Filamu ya slaidi hushika kama stopu 5, kwa hiyo nguzo zitakuwa nyeusi tii au uwazi wa milango utakuwa mweupe pe. Iacheni nyumbani.

Mimi hushauri Ilford HP5 Plus kwa picha za nyeusi na nyeupe, na Kodak Portra 400 kwa rangi. Zote mbili ni za ISO 400, yaani kipimo cha filamu kuhisi mwanga. Wengi hukimbilia filamu ya 3200 kwa sababu ya giza. Chembe zake kubwa hufuta vitundu vya jiwe la matumbawe, na uzuri wa kuta hizi uko humo. Afadhali filamu ya 400 na kamera iliyotulia.

Kama unataka kutumia stendi ya miguu mitatu, ulizia Kilwa Masoko, mji ulio bara, unapochukua kibali, kabla ya kuvuka kwenda kisiwani. Bila stendi, mfuko wa kitambaa wenye kilo moja ya mchele unatosha: uweke sakafuni, lalisha kamera juu yake, tumia taima ya sekunde 10. Usiegemeze chochote kwenye plasta ya zamani, inabanduka.

Kwa kamera ya milimita 35 yenye lenzi ya 28, weka tundu la lenzi f/8 na fokasi mita 3.3. Kila kitu kuanzia kama mita 1.6 hadi mbali kabisa kitaonekana vizuri. Kamera iwe sawasawa, isiinuke wala kuinama, la sivyo nguzo zitaonekana zinaangukiana. Kuba likikatika juu, simamisha kamera wima na urudi nyuma. Sakafu iliyozidi utaikata wakati wa kuchapa.

Kupima mwanga ndiko kunakoharibu picha nyingi. Kipimo kikielekezwa kwenye uwazi wa mlango hudanganyika, na ndani kote huwa giza. Sogelea nguzo iliyo kivulini, pima hapo, kisha kwa HP5 punguza stopu 2 ili kivuli kibaki kivuli chenye maelezo. Kwa Portra punguza 1 tu. Mwanga ukizidi kidogo haidhuriki.

Shata ikikaa wazi zaidi ya sekunde 1, filamu huanza kuchoka, na muda uliopimwa hautoshi. Kwa HP5 Plus, sekunde 2 ziwe 2.5, sekunde 4 ziwe 6, sekunde 10 ziwe 20. Asiyeongeza hupata negativu nyepesi, halafu humlaumu fundi aliyeisafisha.

Fleshi sikubaliani nayo hata kidogo: mwanga unaotoka kwenye kamera huziba vivuli vya vitundu, na ukuta wa karne nyingi huonekana kama umepigwa lipu jana. Jua la saa 1 hadi saa 3 asubuhi hupita ubavuni mwa jiwe na kulichonga.

Chomboni, filamu ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji ya chumvi. Kiwanja cha ndege, usiiweke kwenye begi la kukabidhi. Ibebe mkononi na uombe ikaguliwe kwa macho, hasa penye mashine mpya za CT, za ukaguzi wa mizigo kwa eksirei.