Chanzo cha mto ni wapi hasa?

Muulize mkazi wa Dar es Salaam maji ya bomba yanatoka wapi, naye atakujibu: Ruvu. Ni kweli, mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya jiji. Sasa mto Ruvu wenyewe unaanzia wapi? Wengi tunawaza tundu moja mwambani, maji yanabubujika, basi mto umezaliwa.

Kwa maana ya kawaida, chanzo ni mahali maji ya mto yanapoanza kutiririka katika mkondo unaoonekana. Panaweza kuwa chemchemi, kinamasi, ziwa au barafu inayoyeyuka. Ila mito ya milimani mara nyingi haina mahali pamoja pa namna hiyo. Ina vijito chungu nzima, vingine unavivuka kwa hatua moja, na ndiyo maana watu wa maji husema "vyanzo", kwa wingi, wakihesabu pia ardhi inayovilisha vijito hivyo.

Ruvu huanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Upepo wa Bahari ya Hindi hufika huko umejaa unyevu, ukakuta milima yenye vilele vinavyozidi mita 2,600. Hauna njia ila kupanda. Ukipanda hupoa, na ule unyevu hugeuka mawingu na mvua. Kwa hiyo miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi sana, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingine, huku upande wa magharibi ukiambulia kidogo. Juu kabisa kuna siku mvua hainyeshi lakini msituni kunadondoka maji: ni ukungu ulionaswa na majani, unaoshuka tone kwa tone.

Piga magoti chini ya mti wa huko, sogeza majani makavu, kisha kandamiza udongo kwa kiganja. Ni mweusi, laini, wa baridi, na ukiinua mkono maji yanajaa taratibu kwenye alama uliyoacha. Teremka kidogo hadi mwamba unapojitokeza: hapo maji yanachungulia chini ya mzizi, membamba kama kidole, bila hata sauti. Hakuna atakayeyaita Ruvu. Lakini yatakutana na mengine, kisha mengine, hadi yapate jina.

Hicho ndicho kiini cha jambo. Udongo wa msitu, wenye mboji na matundu yaliyoachwa na mizizi, huyapokea maji ya masika na kuyashusha chini polepole. Yakigonga mwamba mgumu yanatambaa juu yake mpaka yapate upenyo wa kutokea ubavuni mwa mlima. Safari hiyo huchukua wiki, pengine miezi. Maji unayoyaona mtoni mwezi Septemba, wakati anga ni kavu, ni mvua ya zamani. Msitu ukifyekwa, mvua haipungui siku hiyo hiyo, ila inateleza juu ya ardhi iliyo wazi: masika mto unafurika ukiwa rangi ya chai ya maziwa, kiangazi yanabaki mawe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nchini Tanzania inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Naiunga mkono kwa moyo wote, lakini mita 60 hulinda mkondo tu. Mteremko mzima ulio juu yake ndio unaoutengeneza mto.

Kuhusu kutafuta nukta moja, tazama mto Nile. Mpelelezi Mwingereza John Speke alifika Jinja, Uganda, mwaka 1862 akaona maji yakitoka Ziwa Victoria, akaona amekipata chanzo. Lakini ziwa nalo linapokea mito, mkubwa kati yake ukiwa Kagera. Ukiufuata Kagera kwenda juu, Burundi watakuonyesha piramidi ndogo inayoashiria chanzo huko Rutovu, na Rwanda watakuonyesha chemchemi ndani ya msitu wa Nyungwe. Kila jibu lina hoja yake, kutegemea unatafuta kijito kilicho mbali zaidi na bahari au mahali mto unapopata jina lake.

Na kuna milima inayoficha vyanzo kabisa. Vilima vya Chyulu nchini Kenya ni vya volkano, na mwamba wake una vitundu kama mkate. Mvua ikinyesha inazama ardhini, huko juu huoni mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Maji hayo huibukia mbali, kwenye chemchemi za Mzima ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, yakiwa safi kiasi cha kuwaona samaki na viboko wakiwa chini ya maji. Sehemu yake huingia kwenye bomba na kushuka hadi Mombasa.