Ukuta wa matumbawe na debe la rangi: yanayoaminiwa Mji wa Kale, na yalivyo

Masika yakikaribia, wenye nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa huulizana jambo moja: nipake nini ukuta usinywe maji? Fundi ana jibu tayari, na mara nyingi jibu lenyewe limo ndani ya debe: rangi ya mafuta, lipu ya saruji, au dawa ya kung'arisha inayouzwa kuwa haipitishi hata tone. Ukuta hupendeza mwaka mmoja, miwili, kisha huanza kuvimba. Hapo hulaumiwa bahari.

“Ukiuziba ukuta, maji hayaingii.”

Hii ndiyo dhana iliyoharibu kuta nyingi kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Rangi huzuia maji yanayopiga uso iliopakwa, basi. Maji mengine hupanda kutoka ardhini, hushuka kutoka kwenye paa lenye ufa, huvuja kwenye bomba la bafuni. Na ukuta wa kale wa hapa ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mawe yaliyojaa vitundu. Hunywa maji na kuyatoa: jua likiwaka, unyevu hutoka ukiwa mvuke. Ukiziba uso, unyevu hukosa pa kutokea, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake hubaki pale pale.

Chumvi ndiyo inayoua jiwe. Maji yanapokauka, chumvi huganda kuwa fuwele, na fuwele zinazokua ndani ya kitundu chembamba husukuma kingo zake mpaka jiwe linapasuka. Hewa ikipata unyevu zinayeyuka, ikikauka zinaganda tena, na kila mara jiwe linapoteza kidogo. Pita Ndia Kuu utafute mahali rangi ilipofanya malengelenge, aghalabu kati ya goti na kiuno. Bandua lengelenge moja kwa ukucha. Nyuma ya rangi utakuta unga mweupe unaomwagika, na ukiugusa kwa ncha ya ulimi utaonja chumvi. Rangi bado nzima. Jiwe lililokuwa nyuma yake limekwisha.

Wala chumvi hiyo yote haikuletwa na upepo wa bahari. Nyingine imepanda na maji ya ardhini, nyingine ilikuja na mchanga wa pwani uliotumiwa bila kuoshwa, nyingine imetoka kwenye saruji yenyewe.

“Saruji ina nguvu kuliko chokaa, basi ni bora.”

Nguvu inayo, na ndiyo balaa yake. Ukuta wa kale hutikisika kidogo kidogo, na kiungo kikiwa kigumu kuliko jiwe, kinachopasuka ni jiwe. Tena saruji hupitisha mvuke kwa shida, kwa hiyo unyevu hupita ndani ya jiwe na kuacha chumvi humo. Kiungo kinatakiwa kiwe dhaifu kuliko kile kinachokiunga. Mafundi wa zamani walilijua hilo bila maabara: walichoma matumbawe yakawa chokaa, wakaizima kwa maji, wakaipaka ukutani, nayo ikavuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa kemikali ile ile ya jiwe la awali. Ukuta na koti lake vikawa kitu kimoja.

“Chokaa haidumu, ni kupoteza pesa.”

Kweli haidumu, na haikukusudiwa kudumu. Chumvi inagandia ndani ya chokaa badala ya jiwe, chokaa inabanduka, unapaka nyingine. Ni kama makuti: hakuna anayelalamika kwamba makuti yamechakaa huku boriti zikiwa salama. Kosa la kweli hufanyika kwenye kazi. Chokaa inayopigwa juani kwenye ukuta mkavu hukauka kabla haijashika, ikawa vumbi la kuchafua kanzu za wapita njia. Inataka ukuta uliolowanishwa, koti jembamba moja baada ya jingine, na kivuli.

“Fort Jesus imesimama tangu 1596 bila kupakwa chochote.”

Ujenzi ulianza 1593 kwa ramani ya msanifu Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu hapo ngome imepigwa lipu na kukarabatiwa mara nyingi, na Wareno, Waomani, kisha Waingereza walioifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Imedumu kwa sababu imetunzwa. Na palipokuwa pakiliwa na mawimbi upande wa bahari, hakuna rangi ambayo ingesaidia. Ilibidi ujengwe ukuta wa kukinga ufuo.

“Basi dawa za kisasa zote ni sumu.”

Hapa wapenzi wa ukale nao huzidisha. Zipo dawa za kufukuza maji, za jamii ya kemikali ziitwazo silani, ambazo hazizibi kitundu. Hukipaka kwa ndani tu, maji ya mvua yakateleza na mvuke ukapita. Kwenye jiwe kavu lisilo na chumvi zinafaa. Kwenye ukuta wa Mombasa uliojaa chumvi ni hadithi nyingine: maji hukaukia nyuma ya tabaka lililopakwa, chumvi huganda hapo, na siku moja tabaka zima hutoka kwa mpigo. Na ukishazipaka huwezi kuzitoa. Kuna pia dawa za silika, za kushikisha jiwe linalomong'onyoka: zinazoshikisha vizuri jiwe la mchanga hushika kidogo tu kwenye jiwe la chokaa. Kwa jiwe letu, wahifadhi siku hizi hutumia pia chembe ndogo mno za chokaa zilizochanganywa na alkoholi, nazo kwanza hujaribiwa kwenye kipande kilichojificha na kuangaliwa kwa misimu kadhaa.

Asidi ya kusafishia weusi wa ukutani sina haja ya kuieleza sana. Idondoshe kwenye kipande cha tumbawe uone povu: hilo ni jiwe linayeyuka.

Kabla ya kununua debe lolote, rekebisha paa, mfereji na bomba. Bandua saruji taratibu, acha ukuta ukauke, vuta chumvi kwa udongo laini uliolowanishwa, ndipo uite fundi wa chokaa. Na kama nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi la Mji wa Kale, pitia kwanza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa, kabla patasi haijagusa lipu.